Ripoti ya vinasaba imesema VUS: usikimbilie kisu, usiitupe kapuni

MsomaJeni (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu. Kuna swali moja linanijia WhatsApp kila mara kwa sura tofauti, nikaona bora nilijibu hapa palipo na wengi. Mtu kapimwa vinasaba kwa sababu ya saratani kwenye ukoo, au mtoto ana kifafa kisichoeleweka. Sampuli imesafirishwa India au Afrika Kusini, majibu yamerudi kwa PDF, na katikati ya ukurasa wa kwanza kuna herufi tatu: VUS. Yaani wamekuta badiliko kwenye jeni lakini hawajui kama linaleta ugonjwa. Daktari mmoja anasema "puuza", mwingine anasema "tuwahi upasuaji". Mgonjwa anabaki katikati.

Mimi kazi yangu ni kusoma mabadiliko haya na kuamua yaandikwe daraja gani, kwenye maabara moja huku Uingereza. Nitaandika ninavyoelewa, halafu ulizeni.

Tangu 2015 maabara nyingi duniani zinafuata mwongozo wa vyama viwili vya wataalamu wa vinasaba na patholojia wa Marekani, ACMG na AMP. Madaraja ni matano: linasababisha ugonjwa, huenda linasababisha, maana haijulikani, huenda ni salama, salama. Ili badiliko lipewe daraja la "huenda linasababisha", uhakika lazima uzidi asilimia 90. Upande wa usalama nao una kizingiti chake. Kinachobaki katikati, kuanzia uwezekano wa asilimia 10 hivi mpaka 90, chote kinatupwa kwenye VUS. Ndiyo maana nasema VUS mbili zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Chukulieni kama kesi mahakamani ambayo upelelezi haujakamilika: mshtakiwa hajafungwa wala hajaachiwa. Ushahidi tunauhesabu kwa pointi. Ushahidi mdogo pointi 1, wa wastani 2, mzito 4, mzito sana 8. Unaolitetea badiliko unapunguza pointi. Zikifika 6 tunaandika "huenda linasababisha", zikifika 10 tunaandika "linasababisha". Kuanzia 0 hadi 5 ni VUS. Huku Uingereza tunazipanga VUS zenyewe kwa joto, kutoka ya moto, iliyokaribia kuitwa "huenda linasababisha", hadi ya baridi ya barafu. Ya moto tunaikimbiza: tunaomba damu ya ndugu, tunatafuta kipimo cha ziada. Ya baridi mara nyingi hata kwenye ripoti haiingii.

Ushahidi wenyewe unatoka wapi? Badiliko linaonekana kwa watu wazima wangapi wenye afya. Limewahi kukutwa kwa wagonjwa wengine wenye ugonjwa uleule. Ndani ya ukoo, linafuatana na ugonjwa au linakwenda njia yake. Majaribio ya maabara yanaonyesha protini bado inafanya kazi au imekufa. Na programu za kompyuta zinazotabiri, kama REVEL, SpliceAI na AlphaMissense iliyotoka 2023. Hizi programu watu wanazipenda mno kwa sababu zinatoa namba safi, lakini peke yake programu haimfungi mtu.

Niwaonyeshe mstari mmoja wa ripoti ili muone hatari ya kusoma kwa macho tu. BRCA2 c.9976A>T, p.(Lys3326Ter). Maana yake: kwenye jeni ya BRCA2, ambayo ikiharibika huongeza hatari ya saratani ya titi na ovari, herufi ya 9976 ya maelekezo ilikuwa A imekuwa T, na kwa hilo asidi amino ya 3326 imegeuka alama ya kusimama. Protini inakatika. Anayejua biolojia kidogo atashtuka, maana kwa kawaida protini ya BRCA2 ikikatika ni habari mbaya sana. Lakini protini hii ina asidi amino 3,418. Hapa kinachopotea ni kipande kidogo cha mwisho, na badiliko lenyewe linabebwa na mtu 1 hadi 2 kati ya kila 100 wenye asili ya Ulaya, bila ile hatari kubwa ya saratani tunayoijua kwa BRCA2. Linahesabiwa salama. Sasa fikirieni badiliko la namna hiyo lililo kwa Wanyamwezi au Wamijikenda tu, ambalo hakuna aliyewahi kulihesabu.

---

Mwanamvita

Shukran sana ndugu yangu kwa bandiko hili, limenijia wakati wake. Dada yangu alipata saratani ya titi akiwa na miaka 38. Khalati wetu, ndugu ya mama, alifariki kwa saratani ya ovari. Dada akapimwa, wakapata VUS kwenye BRCA2. Daktari wa upasuaji ashamwambia aondoe matiti yote mawili kwa sababu ya hayo majibu. Nami naambiwa nikapimwe hiyo VUS nijue kama ninayo. Niko Mombasa, nina watoto, silali. Nishauri kama dadako.

---

MsomaJeni

Pole sana dada, na mpe pole mgonjwa. Kuna mambo mawili hapa yamechanganywa, tuyatenganishe.

La kwanza ni la dada. Uamuzi wa kuondoa titi la pili unaweza kuwa na sababu nzuri: umri wake mdogo, aina ya uvimbe, khalati aliyekufa kwa saratani ya ovari, na yeye mwenyewe anavyotaka. Hizo ni sababu. VUS siyo sababu. Akiulizwa "unaondoa kwa nini" na jibu likawa "kwa sababu ya VUS", basi upasuaji usubiri mazungumzo mengine. Kosa hili halitokei kwetu tu. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti wa wanawake wa Georgia na Los Angeles waliougua saratani ya titi: miongoni mwa wenye hatari ya kawaida waliopata VUS, nusu waliondoa matiti yote mawili, na madaktari wengi wa upasuaji walikiri kuwa wanamchukulia mwenye VUS sawa na mwenye badiliko lililothibitishwa. Huwa naumia nikikumbuka matokeo hayo, kwa sababu sehemu kubwa ya VUS mwishowe huonekana salama, na titi likishaondolewa limeondolewa.

La pili ni lako wewe. Usipimwe VUS hiyo kwa nia ya kujua kama utaugua. Ukikutwa nayo, hakuna anayeweza kukuambia maana yake. Usipokutwa nayo ni hatari zaidi, maana utaambiwa "uko salama" na utaacha uchunguzi, kumbe historia ya ukoo wenu iko palepale. Dada kaugua na miaka 38, khalati ovari: hatari yako inapimwa kwa hayo. Ushauri wa kawaida ni kuanza uchunguzi wa matiti mapema, mara nyingi miaka 10 kabla ya umri wa yule aliyeugua akiwa mdogo kuliko wote. Ongea na daktari wa saratani kuhusu hilo wiki hii, bila kungoja jeni.

Sasa, unaweza kusaidia VUS ieleweke. Mama yenu yu hai? Badiliko la dada limetoka kwa baba au kwa mama. Saratani ziko upande wa mama. Mama akipimwa akawa hana, na baba akawa nalo, ushahidi wa kulitia hatiani badiliko hilo unapungua nguvu mara moja. Mama akiwa nalo, tunatafuta wengine wa upande huo, na walio na thamani kubwa kwetu ni waliougua. Khalati amefariki, Mungu amrehemu, lakini kama alifanyiwa upasuaji, maabara ya patholojia ya hospitali ile huenda bado imehifadhi vipande vya uvimbe kwenye nta. DNA inaweza kutolewa humo. Si rahisi na si mara zote inafaulu, ila uliza kabla havijatupwa.

Jambo jingine: angalia kama kipimo cha dada kilisoma pia vipande vikubwa vya jeni vilivyofutika au kurudiwa, na kama kilipima jeni nyingine zinazohusika na saratani ya titi: BRCA1, PALB2 na TP53. Utafiti wa wanawake wa Nigeria uliochapishwa 2018 ulikuta takriban mmoja kati ya saba wa waliougua saratani ya titi ana badiliko lenye madhara, na BRCA1 ndiyo iliongoza. Nimewahi kuona familia inapigana na VUS ilhali jeni nyingine haikusomwa kabisa.

---

Nyakato_

Mkuu umeeleweka. Swali langu: mbona sisi ndiyo tunapata hizi VUS nyingi? Mfanyakazi mwenzangu Mjerumani alipima jeni zilezile majibu yakaja meupe, mimi nina tatu.

---

MsomaJeni

Jeni zako hazina kasoro zaidi ya za Mjerumani. Waafrika tuna tofauti nyingi zaidi za vinasaba kuliko watu wengine wote, kwa sababu binadamu wameishi hapa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukinisoma mimi au wewe, herufi zinazotofautiana na ile nakala ya kulinganishia ni nyingi. Hilo peke yake si tatizo. Tatizo ni kwamba walioko kwenye kanzidata si sisi.

Kanzidata kubwa tunayoitumia kila siku inaitwa gnomAD. Toleo la 2023 lina watu 807,162. Takriban robo tatu ni wenye asili ya Ulaya. Wenye asili ya Afrika hawafiki asilimia 5, na wengi wa hao ni Wamarekani weusi, ambao mizizi yao zaidi ni Afrika Magharibi. Mchagga, Mluo, Msomali, Mhaya, Mdigo, hawa ni wa kutafuta kwa tochi. Nikikuta badiliko lako halimo gnomAD, kwa kanuni naliongezea pointi moja ya kulishuku kwa sababu ni adimu. Lakini adimu kwa nani? Inawezekana kijijini kwa bibi yako kila mtu wa kumi analo na wanafikisha miaka 90. Sina namna ya kujua kutoka kwenye kompyuta yangu.

Mwaka 2020 jarida la Nature lilichapisha kazi ya H3Africa, mradi wa utafiti wa vinasaba barani: walisoma jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha barani Afrika. Watu 426 tu, na wakakuta mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote.

Na ubaya haukuishia kwenye "haijulikani". Mwaka 2016 kwenye jarida la New England Journal of Medicine watafiti walionyesha kwamba Wamarekani weusi waliambiwa wana badiliko linalonenepesha misuli ya moyo, ugonjwa unaoweza kuua kijana uwanjani ghafla, kumbe mabadiliko yale ni ya kawaida kwa watu weusi na ni salama. Waliyatia hatiani kwa sababu tafiti za mwanzo zililinganisha wagonjwa na kundi la watu wenye afya ambalo karibu lote lilikuwa la Wazungu. Waandishi walikokotoa kwamba hata watu weusi wachache kwenye kundi lile wangetosha kuzuia kosa. Jiulizeni ni wangapi waliacha mpira, au walifuatiliwa maisha yao yote kama wagonjwa wa moyo, kwa kukosekana watu wachache kwenye orodha.

---

DktBara

Nampongeza mwanzisha uzi. Naomba niweke tahadhari moja kabla watu hawajaondoka na hitimisho la haraka kwamba "kama badiliko ni la kawaida kwetu basi ni salama". Selimundu (sickle cell). Herufi moja ya jeni ya HBB, A imekuwa T, asidi amino moja imebadilika, na kanda ya Ziwa na pwani wabebaji ni wengi mno. Kwa hesabu ya "liko kwa wengi" tungelipitisha kuwa salama, na Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Limebaki kwa wingi kwa sababu aliyebeba moja anapata kinga dhidi ya malaria kali. Jeni ya APOL1 nayo ni hivyohivyo: aina zake mbili zilizogunduliwa 2010 zinawalinda watu wenye asili ya Afrika dhidi ya vimelea vya malale, na anayerithi pande zote mbili anapata hatari ya ugonjwa wa figo.

La pili, mkuu, ukiwa huku wilayani "fuata historia ya ukoo" ni maneno mepesi kuyasema. MRI ya matiti iko wapi? Mammogramu yenyewe, ile eksirei ya matiti, mtu anasafiri.

---

MsomaJeni

Daktari, la kwanza umeniwahi na uko sahihi kabisa. Ndiyo maana wingi wa badiliko kwa watu hautazamwi peke yake, unalinganishwa na ugonjwa wenyewe: ugonjwa unarithiwa kwa nakala moja au mbili, unaanza umri gani, unawapata wangapi. BRCA nakala moja inatosha kukuletea hatari. Badiliko lililo kwa watu 5 kati ya 100 haliwezi kuwa linaleta saratani kwa kiwango cha BRCA tusione milipuko ya saratani kila kaya. Selimundu inahitaji nakala mbili, kwa hiyo wabebaji wengi wenye afya wanaweza kuwepo.

La pili sina jibu la kukuridhisha. Nitasema hivi tu: mwenye kipato kidogo ndiye wa kwanza kuhitaji kuambiwa ukweli kuhusu VUS, kwa sababu pesa ya upasuaji usio na sababu, au ya kumpima kila ndugu VUS isiyojulikana, ingelipa nauli na mammogramu za miaka kadhaa. Na mtu wa ukoo wenye historia apewe namba ya kurudi palepale akihisi uvimbe, asipangwe foleni ya miezi.

---

baba_wawili

Naomba msaada, wangu si saratani. Mwanangu alianza degedege akiwa na miezi 6, kila homa ikipanda. Tulitibiwa malaria mara nyingi, hata vipimo vikitoka safi. Degedege moja ilizidi nusu saa. Sasa ana miaka 2 na nusu, zinakuja hata bila homa, na maneno aliyokuwa nayo yanapungua. Anatumia carbamazepine. Kipimo cha jeni kimesema SCN1A, VUS. Daktari kasema kwa kuwa ni VUS tuendelee na dawa ileile. Sisi wazazi hatujapimwa.

---

MsomaJeni

Baba, pole na pole kwa mama yake. Hapa nitasema kwa uzito zaidi kuliko kote juu. DktBara nirekebishe nikikosea upande wa dawa.

Degedege ndefu za homa kabla ya mwaka mmoja, baadaye bila homa, mtoto anarudi nyuma kwenye kuongea: hii ni picha ambayo daktari wa neva wa watoto anapaswa kuiangalia kwa jicho la ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha utotoni, na SCN1A ndiyo jeni yake kuu. VUS kwenye jeni ambayo inalingana hivi na dalili si sawa na VUS iliyookotwa kwa bahati. Halafu kuna dawa: carbamazepine, phenytoin na lamotrigine zinafunga mlango wa sodiamu kwenye seli za neva, uleule ambao kwa Dravet tayari una hitilafu, na mara nyingi zinaongeza degedege. Daktari anaweza kubadilisha dawa kwa dalili peke yake, bila kungoja VUS ipande daraja. Ila tafadhali, usiikate dawa mwenyewe nyumbani. Kukata ghafla kunaweza kuleta degedege isiyokoma. Omba rufaa ya haraka, peleka video za degedege ulizonazo kwenye simu pamoja na ripoti.

Na nyie wawili mpimwe. Watoto wengi wa Dravet, badiliko limetokea kwao kwa mara ya kwanza, wazazi hawana. Ikithibitika kwamba nyote hamna, hiyo peke yake ni pointi 4. VUS yako ikiwa na pointi 2 au 3 inaweza kuvuka mstari kwa kipimo hicho kimoja, ambacho ni cha bei ndogo kuliko kile cha kwanza kwa kuwa wanatafuta herufi moja tu.

Niseme na hili wazi: kipimo cha wazazi huhakiki pia kama baba na mama ni wazazi wa damu, la sivyo zile pointi hazihesabiki kikamilifu. Anayewapima awaambie hivyo kabla ya kuchukua damu, na mkubaliane mnataka kujulishwa nini. Nimeona maabara nyingine hazisemi, na ndoa za watu zimeingia matatani kwa sababu ya fomu ambayo haikuelezwa.

---

DktBara

Hujakosea. Baba, kwenye rufaa waandike pia muda wa degedege ndefu kuliko zote na umri wa ya kwanza. Na mwombe dawa ya dharura ya kuwa nayo nyumbani, mfundishwe kuitumia.

---

Nyakato_

Mimi ripoti yangu ni ya 2019. Inaweza kuwa imeshabadilika?

---

MsomaJeni

Inawezekana kabisa. Utafiti uliochapishwa kwenye jarida la JAMA 2018, wa watu milioni 1.45 waliopimwa Marekani kwa ajili ya saratani za kurithi, ulionyesha kwamba VUS zilizobadilishwa daraja, zaidi ya asilimia 90 zilishuka kwenda salama au huenda salama. Zilizopanda hazikufika asilimia 10. Lakini angalia: ni kama asilimia 8 tu ya VUS zote zilikuwa zimeguswa. Nyingine zilikaa palepale zikisubiri mtu aulize.

Na tangu 2019 ushahidi umeongezeka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle walichukua seli ambazo bila BRCA1 zinakufa, wakaziingizia mabadiliko 3,893 ya jeni hiyo, kila seli badiliko moja, wakahesabu siku ya 5 na siku ya 11 zipi zimebaki hai. Kazi hiyo ilitoka 2018, na Januari 2025 Nature ikachapisha kazi mbili za namna hiyo kwa BRCA2. Uzuri wake ni kwamba sahani ya seli haiulizi kabila. Badiliko lililo kwa Mhaya peke yake linapimwa sawa na la Mjerumani.

Fanya hivi. Ingia ClinVar, kanzidata ya mtandaoni ambako maabara huweka tathmini zao, ni bure, andika jina la jeni na ile sehemu inayoanza na c. kama ilivyo kwenye ripoti. Tazama tarehe ya tathmini ya mwisho na nyota: nyota tatu ni jopo la wataalamu, moja au hakuna ni maabara moja moja. Ukikuta maabara zinapingana, usichague inayokufurahisha. Kisha mwandikie daktari aliyeagiza kipimo. Barua za marekebisho zinakwenda kwake na siyo kwako, na kama amehama hospitali tangu 2019, zimekwama kwenye sanduku la mtu mwingine. Kwenye barua weka namba ya ripoti, tarehe, jeni na badiliko, nani mwingine ameugua kwenye ukoo tangu hapo na umri wake, na uombe tathmini mpya kwa maandishi. Ripoti yenyewe usiiweke hapa jukwaani, ina jina lako na la ukoo wako.

Ukikuta moja kati ya zile tatu imepanda, nitumie ujumbe binafsi wenye jeni na badiliko tu, nitakuelekeza cha kumuuliza daktari.